Jina Alilokataa Kaka Yangu

Bwana Codd alifika mlangoni kwangu saa nne asubuhi, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Dada Keziah, kaa kwanza."

"Ni Jabez?"

"Ni Jabez."

Kaka yangu Jabez alivusha watu mto Trent, huku Uingereza, kwa miaka thelathini na moja. Kila bamvua la Machi bahari husukuma maji yapande mto, wimbi moja pana linalonguruma. Tunaliita Aegir. Anayeliona kwanza hupaza sauti, "Jihadhari, Aegir!" Wa mbele yake hupokea, na ukelele unakwenda ukingo mzima ukilitangulia wimbi. Mwenye mashua akisikia hugeuza omo, pua ya mashua, kulikabili, hata kabla hajafikiri.

Mwaka jana mwalimu mmoja alimwambia Jabez kwamba Aegir alikuwa mungu wa bahari wa Wadenmaki waliotawala huku zamani. Wengine, alisema, hudai ni neno la kale la Waingereza, maana yake mafuriko tu. Hakuna mwenye hakika. Lakini Jabez alikuwa mhubiri wa kanisa letu.

"Keziah, miaka yote hii nimekuwa nikimtangaza mungu wa kipagani!"

"Bwana anaujua moyo wako, kaka."

Hakunisikia. Tangu siku hiyo akawa anaita, "Maji yanakuja!" Mabaharia wakamcheka.

Jumatatu hiyo aliyokuja Codd, kulikuwa na ukungu. Hob Marfleet, mmoja wa mabaharia hao, alikuwa katikati ya mto, peke yake, mashua imeuelekezea mkondo ubavu. Codd, aliyekuwa ukingoni, anasema bata walinyamaza ghafla.

"Maji yanakuja!" Jabez akaita kutoka kwenye mashua yake ya kuvushia.

"Maji mtoni, mzee? Makubwa hayo!" Hob akajibu, akaendelea kukunja kamba zake.

Jabez aliita mara tatu. Mara ya nne akalitamka jina lenyewe, kwa nguvu zake zote. Hob akarukia kasia, lakini wimbi lilikuwa limeshapita kona. Mashua ikapinduka. Jabez akamfuata kwa mashua yake, akajitosa, akamsukuma kuelekea ukingoni mpaka Codd akamkamata kola. Kisha yeye mwenyewe akazama. Tulimpata Jumatano, kwenye matete.

Naamini Mungu amempokea. Sijui kama yeye alijisamehe kwa kuchelewa.

Tulimzika Ijumaa. Hob alibeba jeneza upande wa kichwa, hakuinua macho. Mchungaji alisoma zaburi, tukaimba beti mbili, mvua ikaanza. Nikatupa udongo wangu, Codd akatupa wake, tukawaachia wachimbaji wafukie.