Sala ya Shukrani Niliyoiandika kwa Penseli

Sala ya kushukuru kwa kuzaliwa mwanangu niliiandika kwa penseli, kwenye karatasi ya ofisini, siku tatu kabla ya kuisali. Naanza na hilo ili mtu asinitetee kwamba maneno yalinitoka kwa wingi wa furaha.

Tulikaa Temeke, miaka michache baada ya vita, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Nilikuwa karani bandarini. Mimi na mke wangu tulitoka bara, Wakristo tangu kwa wazazi wetu, na mwaka ule jina langu lilikuwa limetajwa kwa uzee wa kanisa. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Ya tatu ilipofika wakati wake, masika yalikuwa yameharibu barabara, na hospitali ilikuwa mjini. Uchungu ulianza Jumatano. Ijumaa asubuhi mke wangu hakuwa na sauti tena ya kulia.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi mmoja wa Kizaramo, Mwislamu, mkunga. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akanikuta nimesimama ukumbini na kitabu cha sala mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu jana."

"Basi kaa. Kusimama kwako hakumvuti mtoto."

Aliingia chumbani, akatoka, akaenda kwake. Aliporudi alikuwa na sahani nyeupe iliyoandikwa aya za Kurani kwa zafarani, na kikombe cha maji ya kuzioshea.

"Hili kombe," alisema. "Kwetu huwanywesha waliokwama. Najua nyie mna dini yenu, sitampa kwa kificho. Nimpe, nisimpe?"

Nilijua sheria ya kanisa letu. Aliyekunywa kombe, sawa na aliyemruhusu, alitengwa na Meza ya Bwana miezi sita.

"Mpe," nikasema.

Sitasema maji yale yalifanya nini, kwa sababu sijui. Nasema nililoliona, maana aliniita nimshike mke wangu mabega. Mtoto alikuwa amelala kingamo. Bibi alipaka mikono yake mafuta ya nazi, akamgeuza kwa juu ya tumbo, polepole, akingoja, akianza tena, jasho likimdondoka kidevuni. Adhana ya adhuhuri ilipolia mtoto naye alilia. Bibi alicheka, akaniambia, "Haya, sasa simama."

Wiki chache baadaye mzee wa kanisa alinitembelea.

"Karani, watu wanasema wameona sahani ikiingia kwako."

"Watu wa Temeke wana macho," nilimjibu nikicheka.

"Sikuulizi macho yao. Nakuuliza sahani."

"Mungu alitusaidia, mzee."

"Vizuri. Basi Jumapili, baada ya ubatizo, utushukurie hapa nyumbani kwa kinywa chako, wote tusikie."

Ndipo nilipochukua penseli.

Jumapili ile nyumba ilijaa. Mke wangu alikuwa amemwalika bibi, naye alifika tangu alfajiri akapika pilau kwa ajili ya wageni wetu. Ibada ilipoanza aliketi mkekani karibu na mlango, mtoto mapajani pake, kwa kuwa kwake mtoto hakulia. Nilifumba macho. Nilikwisha kuikariri karatasi.

"Tunakushukuru, Bwana, kwa furaha hii. Tunakushukuru kwa kuwa hukutumia mkono wa mtu, wala dawa ya mtu, wala msaada wa wasiokujua. Wewe peke yako ulituokoa."

"Amina," walijibu, na sauti ya mzee wa kanisa ilikuwa juu ya zote.

Nilipofumbua macho bibi alikuwa amesimama mbele ya mke wangu, anamkabidhi mtoto.

"Mpokee, mwanangu. Mkono wa mtu umechoka."

Wageni wengine walicheka, wakidhani ni utani wa kikongwe. Alijifunga kanga yake vizuri akatoka. Pilau lake tulilila lote.

Jioni mke wangu alikuwa akisugua masufuria uani.

"Nilikusikia siku ile," alisema bila kugeuka. "Sikuwa na sauti, lakini masikio nilikuwa nayo. Ulisema mpe."

"Ningefanyaje? Wangekutenga."

"Mimi?" Aliacha kusugua. "Au wewe?"

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka ibadani, alimwendea mzee wa kanisa akamwambia amekunywa kombe. Mzee akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Nilikuwa nyuma ya mke wangu, karibu kiasi cha kumgusa bega.

"Nilikunywa mwenyewe," alijibu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Sikulisema. Kwa miezi sita alikaa benchi la mwisho na mtoto, nami nilikwenda Mezani peke yangu. Katika miezi hiyo hiyo nilichaguliwa mzee wa kanisa. Bibi hakukanyaga tena kwetu. Mke wangu alimpelekea mtoto kila wiki. Mimi nilikutana naye njiani, nikamwamkia, akaitikia "marahaba" akapita. Kabla ya miezi kwisha alihamia Mbagala kwa binti yake.

Siku ya kumpokea tena mke wangu Mezani, mchungaji alimwambia ashukuru mbele ya kanisa. Nilikuwa nimeketi mbele, kwenye kiti changu kipya. Alisimama na mtoto kiunoni, hakuwa na karatasi.

"Mungu, nakushukuru kwa mtoto huyu," alisema. "Na kwa mikono uliyomletea." Kisha akamtaja bibi kwa jina lake, na jina la baba yake.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Mwanamke aliyeniokolea mke na mtoto nilikuwa nimemwita bibi tu, sikupata kuuliza anaitwa nani.

Mke wangu aliingoja amina. Wazee walitazamana. Nami nilitega sikio nijue nani ataanza, ili nimfuate. Hakuna aliyeanza. Mke wangu akaitikia mwenyewe, akarudi kuketi kwenye benchi la mwisho.