Mjomba Alivyoing'arisha Pikapu ya Mama

Mjomba wangu hakuwahi kuosha kitu maishani mwake, hata kikombe alichonywea chai. Kwa hiyo asubuhi niliyomkuta uani kwetu Lodwar ameinama na kitambaa kibichi kando ya pikapu ya mama, nilijua mara moja kwamba kuna mwanamke.

Mama alikuwa ametutoka mwanzoni mwa mwaka huo. Pikapu ile ndiyo iliyotulea. Aliipata kwenye mnada wa magari chakavu ya shirika moja la misaada, ikiwa nyeupe, na maandishi makubwa ya buluu kwenye boneti. Akaipaka kijani upesi, kwa sababu hakutaka kila anaposimama azungukwe na watu wanaodhani amebeba unga wa bure. Alikuwa akipeleka samaki wakavu Kakuma na kurudi na mbuzi, na miiba ya mathenge, ile miti iliyojaa kando ya barabara, iliikwaruza pikapu pande zote. Hakujali. Mkwaruzo ukiwa mrefu mno alikuwa akimpelekea fundi mmoja Mkongomani kule Kakuma, naye aliusugua taratibu kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Mimi nilikuwa nikikaa kando nikitazama.

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba gari haliwezi kubaki mikononi mwa msichana. Wakamkabidhi mjomba, mdogo wake mama, mtu aliyekuwa amekaa nyumbani kwetu miaka na miaka akisema anatafuta kazi. Hakuwa na leseni. Hakujua hata kurudisha gari nyuma. Msimamizi akawa yeye, dereva nikawa mimi, na kila tulipofika mahali yeye ndiye aliyeshuka kwanza na kusalimiwa.

Mwanamke mwenyewe nilimfahamu. Alikuwa mjane, Mturkana kama sisi, mwenye duka Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi mbele ya Kakuma, mteja wa mama wa siku nyingi. Mjomba alikuwa amekula kwake mara kadhaa tulipopeleka samaki, na ukarimu wa yule mjane akauelewa vibaya, kama alivyoelewa vibaya karibu kila kitu.

"Kesho naenda kumwambia neno," alisema bila kuinua kichwa. "Siwezi kufika na gari lenye alama za kucha kama limepigana na paka."

Chini palikuwa na kopo la kompaundi, ile pasti yenye chembechembe za kusugulia rangi ya gari. Muuza vipuri alikuwa amemuuliza kama anataka ya kukwangua au ya kung'arishia, naye akajibu anataka ile kali. Tena alikuwa ameazima grinda, mashine ya kukatia vyuma, kwa jirani yetu mchomeleaji, akaifunga sponji mahali pa diski.

"Mjomba," nilimwambia, "hiyo pasti inakula rangi. Unasugua mkwaruzo peke yake, kwa mkono, gari likiwa kivulini. Hapa boneti ni moto kama kikaango."

"Wewe msichana, mimi nimeona magari Nairobi."

Nairobi alikaa wiki chache kwa binamu yake. Alirudi na miwani ya jua.

Akaiwasha grinda. Pasti iliruka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Iliyobaki ikakauka papo hapo kwa jua, ikawa unga mweupe, naye akaongeza nyingine juu yake. Kisha upepo wa Lodwar ukaja na mchanga wake, mchanga ukanata kwenye pasti, naye akaendelea kusugua, akiwa ametoa ulimi nje kwa bidii. Nilipiga kelele mara moja, halafu nikaenda kuanua nguo. Kuna watu ambao ukiwaambia wanaharibu, wanaharibu kwa kasi zaidi.

Alipoifuta boneti, kitambaa kilitoka kijani kibichi. Alikiinua juu nikione.

"Ona! Ona uchafu ambao mama yako alikuwa anatembea nao!"

Ilikuwa rangi. Mjomba alikuwa ameishika rangi ya mama mkononi, akitabasamu. Nadhani ni pale nilipoacha kabisa kumwona kama mtu mzima, ingawa niliendelea kumwita mjomba, maana adabu nilizofunzwa hazikuwa zake kuzifuta.

Nisimdhulumu: kwa muda boneti iling'aa. Ukiitazama kwa upande, ungeona mikwaruzo midogo ya mviringo iliyosongamana, kazi ya mchanga, lakini kwa mbele iling'aa. Akaona utamu, akaongeza. Weupe ukatokea kwenye ukingo, ukatambaa katikati, na nyuma yake ikaja buluu, herufi baada ya herufi, hafifu lakini zinasomeka. Jina la shirika likawa limerudi.

Nilingoja aaibike. Alizima grinda, akarudi nyuma hatua chache, akavaa miwani.

"Hata inapendeza," alisema. "Inaonekana gari ya ofisi."

Kesho yake tuliondoka na mzigo wa samaki. Alivaa koti katika joto lile, akakaa kiti cha mbele bila kuegemea ili lisikunjamane. Njia nzima hadi Kakuma alinieleza vile mjane atakavyolitazama gari.

Kalobeyei, hata kabla sijazima injini mbele ya duka, watu walikuwa wameanza kuja. Wanawake kwanza, wenye kadi zao za chakula mkononi, halafu wazee. Mgao ulikuwa umepunguzwa, na wengine waliambiwa majina yao hayapo tena. Waliona boneti. Mama mmoja Mkongomani, mtoto mgongoni, alisogea dirishani upande wa mjomba.

"Papa, munaandikisha fasi gani, hapa au kule? Sisi tusimame mstari gani?"

Hapo kulikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa fupi. Mjomba alifungua mlango, akashuka, akaweka koti sawa.

"Subirini," alisema. "Tunafanya tathmini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini alianza kutembea mbele yao mikono nyuma, akiuliza maswali. Wewe una watoto wangapi? Majina yao? Yule mama akamtajia mmoja mmoja, polepole, ili asikosee kuyashika, na mjomba akatikisa kichwa kana kwamba anayaweka mahali. Hakuwa na karatasi. Hakuwa hata na kalamu.

"Unga unakuja wiki ijayo," aliwaambia.

Niliruka chini. "Hili si gari la unga!" nilipaza sauti. "Ni la samaki, ni langu! Huyu hana unga wowote!"

"Msimsikilize," alisema mjomba bila hata kunigeukia. "Huyo ni dereva."

Wakamwamini yeye. Alikuwa na koti.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake muda wote, na sikumwona. Alikuja taratibu, akapita mbele ya mjomba kama anayepita nguzo, akanipa mkono.

"Ejok, binti yangu," alinisalimu kwa Kiturkana. "Pole kwa safari." Ndipo akamgeukia. "Unga uko wapi?"

Mjomba alicheka. "Nilikuwa nawatuliza tu, mama. Unajua watu wa hapa."

"Nimekuuliza unga uko wapi."

"Hakuna."

"Waambie."

"Wataelewa tu wenye—"

"Waambie na mdomo wako. Ule ule uliowadanganya nao."

Akawaambia, akitazama viatu vyake. Mjane akasema, "Sauti." Akarudia kwa sauti. Watu hawakumtukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Walikunja kadi zao na kuondoka mmoja mmoja, kama waliozoea. Yule mama mwenye mtoto ndiye aliyebaki nyuma. Alimtazama mjomba kutoka juu hadi chini, akatema mate karibu na gurudumu, akaenda zake.

Mjomba, kwa akili alizokuwa nazo, bado alidhani siku haijaisha. Aliomba waingie dukani wazungumze kidogo.

"Mume wangu alikuwa mlevi," mjane alimwambia, "lakini hakuwahi kumchezea mtu mwenye njaa. Usinijie hapa tena, na gari au kwa miguu."

Mjomba akaniambia, "Twende," mara mbili. Nilimjibu kwamba nina samaki wa kuuza. Alipanda bodaboda kwenda Kakuma kutafuta usafiri wa Lodwar, na koti likapepea nyuma yake kama hema lililong'oka.

Nilipomaliza kuuza nilifunika boneti kwa gunia, nikaenda kwa yule fundi Mkongomani. Aliinua gunia, akapitisha kiganja, akatukana kwa Kifaransa.

"Hii kompaundi haiwezi kurudisha, mama. Rangi ilishaliwa. Tutapiga msasa, praima ya chini, halafu kijani mupya."

Kijani hakikufanana kabisa na cha zamani. Kimekoza zaidi, na boneti inaonekana kama imetoka kwenye gari jingine. Milango aliniachia mwenyewe. Nikaifanya kivulini karakanani kwake kwa siku kadhaa, kwa kitambaa laini na ile pasti nyepesi, sehemu ndogo ndogo, nikiosha mchanga kwanza. Mikwaruzo mirefu niliipunguza, mingine niliiacha palepale ilipoipata miiba. Nilipapenda pale, maana hakuna aliyenielekeza la kufanya.

Wazee wa ukoo walisikia habari. Waliniita, nikawasimulia, wakatazama chini, wakakohoa. Hakuna aliyetamka kwamba walikosea. Walisema tu kuwa ufunguo ukae kwa anayejua kuendesha, kana kwamba ni jambo walilokuwa wakilisema siku zote.

Mjomba anakaa kwenye hoteli karibu na stendi, akinunuliwa chai, na anawaeleza watu kwamba alimwacha yule mjane kwa sababu ana mdomo mchafu. Wanamsikiliza. Juzi alinisimamisha barabarani, akataka nimpeleke Kakuma, ana shughuli. Akashika kitasa cha mlango wa mbele. Nilimwambia mbele pana mzigo, apande nyuma. Hapakuwa na mzigo wowote, na alikiona kiti kitupu kupitia kioo. Akapanda nyuma, akajibana kati ya magunia ya samaki, na kabla hatujatoka mjini alianza kugonga bodi ya gari kulalamika kuhusu vumbi.