Mashine ya Mume Wangu Imekuwa Kamba ya Kuanikia Nepi

Admin, nisamehe. Uliniambia niandike tangu mvua za kwanza, na sasa vumbi limerudi. Mara tatu nimeanza, mtoto akaamka. Lakini mtoto ni kisingizio. Niliona haya. Tafadhali ficha jina langu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, watoto wawili, Mkenya niliyeolewa na fundi seremala wa huku Juba. Tulikutana Kitale akiwa mkimbizi. Amani ya huku Sudan Kusini ilipotiwa sahihi akasema twende kwetu, tukaja na mama yake. Tunakaa upande wa Nyakuron, na karakana yetu ni kibanda cha mabati hapo uani. Yeye alikata, mimi nikachora na kushika ncha ya pili ya ubao. Hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Mwaka jana alienda Nairobi kununua bandso, ule msumeno wa mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili, wa kukatia mbao za kupinda. Nilimwambia, "Baba Keji, chukua ndogo, ya kuweka juu ya meza. Ubao wetu mnene hauzidi inchi tatu." Akacheka. "Mafundi wa mtaa wa Jebel watasema nimenunua cherehani. Mimi sinunui mchezo wa watoto."

Ikaja juu ya lori kupitia mpaka wa Nimule. Wanaume saba kuishusha. Majirani walijaa, mama mkwe akachinja kuku. Ndipo akafungua pale kwenye mota akasoma kibati chake. Ilikuwa ya fezi tatu, umeme wa viwandani. Sisi tuna jenereta ndogo ya kuwasha taa na redio. Waliokula kuku wetu ndio walioanza kuuliza kila asubuhi, "Fundi, mashine imeamka?"

Simlaumu. Aibu ilimla. Akaenda Bentiu, mbali kaskazini, kujenga na kontrakta mmoja ili apate jenereta kubwa. Miezi miwili alipiga simu. Sasa ni mwezi wa sita sijasikia sauti yake. Kontrakta naye amehama. Nimeuliza kanisani, nimeuliza madereva. Hakuna anayejua.

Mimi nakata kwa msumeno wa mkono. Nimepata kazi ya viti vidogo vya shule ya chekechea, migongo yake imepinda, na bega langu la kulia limeuma hata mkono siku hizi haufiki kichwani kujisuka. Mashine iko pale pale. Naanika nepi juu yake. Kila Jumapili mama mkwe anaipangusa kwa mafuta ya simsim, yale ya ufuta, isishike kutu, kama anampaka mtoto.

Upweke wa huku ni wa namna yake. Bombani wanaongea Kiarabu cha Juba, nami nimeshika maneno machache tu. Hata mtoto wangu Keji nikimwita ananijibu, "Mafi!" yaani hapana, hayupo, na kichwa chake nakiona nyuma ya mlango. Siku nyingine Kiswahili changu kinashinda mdomoni bila mtu wa kumpa.

Wa kumpa ni mzee mmoja fundi pale Jebel, aliyerudi kutoka Arua, Uganda. Mwezi huu alikuja kuiona mashine.

"Mama, hii iko kubwa. Inataka waya tatu. Wewe iko na waya tatu wapi?"

"Sina, mzee."

"Sasa unalisha ng'ombe hapana maziwa!"

Yeye ana bandso ndogo, gurudumu la inchi kumi, na kesho yake akaileta kwangu. Akanifundisha: "Usiangalia rangi. Fungua mlango, zungusha gurudumu na mkono. Mkanda ikicheza-cheza, wacha." Nilizungusha. Mkanda ukatulia. Tukaiunga na jenereta yangu, nikakata mgongo mmoja wa kiti, mpindo wote, kabla chai haijapoa. Nililia pale pale mbele ya mzee wa watu. Akajifanya anatafuta spana.

Anataka tubadilishane. Kiwanda cha mbao Arua kinaitaka ile kubwa. Lori linaondoka Jumamosi, naye anaondoka nalo, harudi tena.

Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anapangusa, akasimamisha kitambaa cha simsim juu ya chuma. "Binti, ukiondoa hii, mwanangu atarudi aone nini chake hapa?"

"Ataona watoto wake wameshiba, mama."

"Na asiporudi?"

Nikaanua nepi zilizobaki juu ya mashine. Mama mkwe akaendelea kupangusa, mahali pale pale.

Ndugu zangu, mimi najua mashine ipi inafaa. Hilo siulizi. Nauliza kama mke anaweza kutoa kitu alichokichagua mume, kilichomfukuza nyumbani, bila kuonekana amemtoa yeye. Na yule mama nimwambie nini? Nanyi ambao wake zenu wako mbali, mngetaka mkute nini uani?

Mliomwuliza Admin mnitumie nini kutoka Nairobi, ni haya tu. Mikanda miwili ya msumeno, upana robo inchi, meno sita kwa inchi, urefu inchi sabini na nusu, nimeshaupima kwa kamba. Miwani ya vumbi, ya uso mdogo. Chupa ya mafuta ya mashine, ili simsim irudi jikoni. Na yeyote anayetoka Bentiu aliyemwona fundi mrefu asiye na ncha ya kidole cha shahada cha kushoto, aniletee neno lake. Hata kama ni la kunigombeza.