Mpima Mahindi Aliyepewa Umeneja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika depo ya nafaka ya Kitale, nilikabidhiwa koti jeupe na chuma chembamba chenye ncha, kile cha kudunga gunia na kuchota mahindi ya katikati. Mkuu wa Wapimaji akaniambia, "Usiamini ya juu, kijana. Watu huweka mazuri juu." Baada ya miaka kadhaa nilikuwa nikitafuna punje moja na kujua unyevu wake kabla mashine haijasema.

Kwa sababu hiyo tu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Meneja wa Kanda alinifanya meneja wa depo ya Bungoma. Nilipomwuliza kazi yenyewe hufanywaje, alicheka. "Si umekuwa hapa miaka yote? Utajua ukifika."

Sikujua! Basi nikaendelea na ile niliyoijua. Wapimaji walikuwepo, wakiongozwa na Nekesa, mama hodari kweli, lakini hakuna mzigo ulioingia kabla sijaudunga mwenyewe. Nekesa alinijia mara mbili. "Mzee, si utuachie hii? Wewe tafuta maturubai, na ile mashine ya kukausha imekufa tangu mwezi jana." Nikamwambia hajafika kiwango changu. Naona haya hata kuandika hivyo.

Msimu ule trekta za Tongaren zilipanga foleni hadi barabarani. Siku moja niliitwa mkutanoni Kitale, nikaondoka na ufunguo wa chumba cha vipimo mfukoni. Alasiri mvua ikamwagika juu ya foleni isiyo na maturubai. Kesho yake nilipima mahindi ya Mama Nafula, mjane aliyengoja siku tatu, nikamwambia hayapokelewi, yana maji.

"Ati maji?" Alinitazama bila kupepesa. "Hii mahindi ilikuja hapa ikiwa imekauka. Hiyo maji ni yako, Meneja."

Nilimpa Nekesa ufunguo palepale, mbele ya wakulima wote. Siku mbili nilizunguka kutafuta fundi na maturubai, na hapo ndipo nilipoanza kuwa meneja. Mashine ilipopona tulikausha mahindi ya Mama Nafula kwanza, lakini magunia yake mengi yalikuwa yameshaota ukungu. Tuliyamwaga.

Nilijilaumu, na bado najilaumu. Lakini wakubwa walioninyang'anya kazi niliyoiweza na kunitupa kwenye nisiyoijua, bila hata wiki moja ya kufunzwa, hao sijawasamehe.

Miaka baadaye, siku ya kuniaga nilipostaafu, Meneja wa Kanda mpya alitangaza kwamba nafasi yangu inachukuliwa na mpimaji bora kabisa wa Kitale. Nikauliza, "Amefunzwa umeneja?"

"Atajifunza akifika, Mzee, kama wewe."

Nikasimama. "Mimi nilijifunza kwa mahindi ya mjane. Huyu atajifunza kwa ya nani?"

Meneja wa Kanda akaomba keki ikatwe.