Pindua Ua Uone Mgongo Wake

Mimi nilisoma hadi darasa la pili, kwa hiyo mwenye kutaka maneno ya kupambwa aende kwingine. Nyumba yangu ya Kisauni nimeijenga kwa sindano. Zaidi ya miaka thelathini nilishona kofia za vito, zile za kudariziwa vitundu kwa uzi, mpaka macho yakakataa kuliona tundu la sindano.

Yalipogoma sikukaa kungoja kuhurumiwa. Nilikwenda Kongowea, nikakuta kwenye mitumba kimashine cha mkono chenye roli mbili. Muuzaji aliapa wallahi ni cha kutengenezea tambi. Ndani ya boksi mlikuwa na vibati vya chuma vya maua na majani, vina kingo kali. Nikajua hizo si tambi, nikanyamaza, nikanunua. Ukilaza karatasi nene juu ya kibati ukazungusha mkono, linatoka ua limeshakatwa, na juu yake vijistari vimevimba kama mishono. Utadhani ni uzi. Nikaanza kutengeneza kadi za Idi, na za Krismasi kwa majirani zangu Wagiriama.

Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kofia, alisikia akacheka. Akaniletea salamu kwamba nimezeeka nikawa mwongo, nauza karatasi kama uzi. Iliniuma, maana kwake ndiko nilikojifunza kutodanganya. Nilipokuwa msichana niliwahi kuficha mafundo ya uzi chini ya bitana. Aliipindua kofia, kama kila mnunuzi wa kwetu afanyavyo, akaifumua yote mbele yangu, kazi ya wiki tatu.

Mwaka jana, Krismasi ikikaribia, akaja mwanamke mwenye duka Nyali. Alitaka kadi sitini za maua mekundu. Alizisifu mno. Kisha akataka nyuma ya kila ua nigandishe karatasi nyingine ya kuficha mgongo wake, na chini niandike kwamba limedariziwa kwa mkono.

Nikamwambia nimekata kwa mkono na kugandisha kwa mkono, lakini sikudarizi.

"Mama, mteja hapindui kadi," akasema.

"Kofia zangu zimepinduliwa maisha yangu yote. Na hizi zitapinduliwa."

Akaniambia kwa upole nifikirie tena, kwani oda kama ile haimjii mara mbili mtu wa umri wangu. Nikainuka nikamfungulia mlango.

Asubuhi ya pili nikaanza kugandisha kila ua kwa kikonyo peke yake, petali nikaziacha huru. Ukiliinua kwa ukucha unauona mgongo: vishimo pale mishono ilipovimba, uzi hamna, fundo hamna. Ya kwanza nikampelekea dada, Frere Town, kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikamwamkia, akaitikia, akaipokea kadi. Mbele hakutazama kabisa. Aliliinua ua, akapitisha kidole kwenye vishimo kama anavyopapasa kofia.

"Karatasi," akasema.

"Karatasi," nikajibu.

"Na jani hili umelikata kombo."

Lilikuwa kombo kweli. Nikarudi nayo Kisauni, nikakata jipya, nikampelekea tena siku ya pili. Safari hii alilipapasa jani jipya. Kisha akaisimamisha kadi juu ya kabati la vyombo, wanapoiona wageni, akazikunja petali zote kwa kidole gumba mpaka ua likakaa mgongo nje.