Shahidi Wangu Alikuwa Mtani

Mchumba wangu alinitumia ujumbe kupitia kwa shangazi yake: kama siwezi kusimama juu ya pikipiki inayokwenda na kuachia mikono, basi hata tukioana hatapanda nyuma yangu. Wenyewe tulikuwa haturuhusiwi kuzungumza. Nikaapa kwamba Idi haitapita bure.

Mwalimu niliyempata alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la mkonge huko Pongwe, Mnyamwezi. Mimi Mzigua, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu na wewe ukacheka. Siku ya kwanza alikataa hata kuwasha injini.

"Ukivunjika shingo, sisi watani ndio tutakaochimba kaburi," alisema. "Na mimi jembe silipendi. Panda."

Nikapanda pikipiki ikiwa kwenye stendi, nikasimama juu ya vikanyagio mpaka mapaja yakatetemeka. Alinivisha buti zake na koti zito alilolishindilia singa za mkonge ndani. Kwa jua lile la Tanga, niliiva. Hapo ndipo tukaenda uwanja wa mpira: gia ya pili, mwendo wa taratibu, magoti yabane tangi, macho yatazame mbali. Mkono mmoja kwanza. Kila nilipolitazama gurudumu pikipiki ilikwenda upande, naye akaniuliza kama nimeangusha sindano.

Idi ikafika. Mchumba wangu alikaa pembeni ya uwanja na shangazi yake. Nikasimama, nikaachia mkono mmoja, nikaachia na wa pili. Nilikata nusu ya uwanja mikono nimeinyoosha, na raha ile sijaisahau. Nilipokaa na kugeuka, watu wote walikuwa wamenipa mgongo. Ngoma ya beni ilikuwa imeingia kutoka barabarani na matarumbeta yake, na mchumba wangu naye alikuwa akiitazama. Aliyeniona ni mtani peke yake.

Nikamvuta mpaka kwa shangazi. "Mtani, mwambie ulichokiona."

"Shikamoo, mama," alisema kwa adabu zote. "Huyu aling'ang'ania usukani kama kupe, huku analia anamwita mama yake."

Nilikasirika kweli. Mchumba wangu akanong'ona kitu ndani ya buibui lake, na shangazi akanigeukia akicheka.

"Anasema atapanda. Ungekuwa umeshindwa kweli, huyu mtani wako angekuhurumia, asingekutania."