Glavu za Bibi wa Tororo

Jamani, sufu iliyolowa ikikaushwa ina harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Nikiisikia popote, narudi Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya nne, nina miaka tisa, na kofia yangu imeanikwa juu ya bomba la joto chini ya dirisha.

Ilikuwa likizo ya Februari, ile ambayo Waswidi huitumia kwenda kuteleza kwenye theluji. Sisi hatukuteleza popote. Mama alikuwa zamu hospitalini, na baba alikuwa na siku yake ya mapumziko. Kwao Uganda alikuwa mwalimu wa jiografia; Stockholm alisafisha mabehewa ya treni, na ualimu wote uliobaki akaumalizia kwangu. Tulilala kifudifudi juu ya zulia, atlasi ya maktaba katikati, vikombe vya chai ya maziwa pembeni, tukasafiri.

"Abiria, umebeba nini?" aliniuliza. Kwake huendi kwa watu hivi hivi tu. "Mkono mtupu haulambwi, binti yangu."

Safari hiyo nilikuwa na zawadi. Nilikuwa nimemfumia bibi, mama yake baba, glavu nyekundu katika darasa la kazi za mikono, gumba la kushoto kubwa kuliko la kulia. Glavu za sufu, kwa mtu wa Tororo, kwenye joto la Uganda! Baba hakucheka. Alizikagua ndani nje, akasema bibi atashukuru sana.

Tukapanda treni hadi Kopenhagen, tukateremka Ulaya nzima mpaka Napoli, tukachukua meli, na nilipomaliza chai yangu tulikuwa Mombasa. Baba alivijua vituo kwa moyo: Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret. Kidole chake kikafika Malaba, mpakani mwa Uganda, kikasimama. Kilisimama hapo kila safari. Na Tororo ilikuwa pale mbele, hata nusu ya ukucha wangu haifiki.

"Mwisho wa safari," alisema. "Bibi atakuja kutupokea hapa."

Siku zote nilikubali. Nilidhani bibi ni mtu wa kupenda matembezi. Lakini siku ile nilikuwa na mzigo wake mkononi. Nikanuna. Nikamwambia baba kwa Kiswidi, lugha yangu ya hasira, kwamba ni mvivu. Kisha nikaongeza kwa Kiswahili:

"Basi baki wewe, Baba. Mimi navuka nimpelekee."

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Niliogopa, nikajua nimekosa adabu.

"Nenda," alisema mwishowe. "Mwambie niko nyuma yako."

Nikasogeza kidole changu mpaka Tororo, nikarudi kwenye chai.

Miaka mitatu baadaye mambo ya kwao yalitulia, baba akapata pasipoti mpya. Tulipokuwa tukifunga mizigo nikaiona ile ya zamani, ya mkimbizi, ndani ya droo. Iliandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa Uganda. Nikakaa sakafuni, puu! Kumbe baba yangu, aliyevuka bahari kwa kidole bila kuulizwa na mtu, hata juu ya zulia la nyumbani kwake alishuka pale karatasi ilipomwamuru. Nami nilimwita mvivu. Iliniuma sana, na inaniuma hata leo.

Bibi hakuja kutupokea Malaba. Alikuwa kwake Tororo, jikoni. Baba alikwama njiani, kila jirani akimkumbatia, mimi nikatangulia mbio na glavu zangu. Bibi alizivaa palepale, akaepua nazo sufuria ya chai, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Na baba yako yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nyuma yangu," nikamwambia.